Trifon Aliyeacha Mvinyo

Ukitaka kuacha pombe katika mji wa Sofia, shauri langu la kwanza ni hili: usiitwe Trifon. Itwa Metodi, itwa Zahari, itwa chochote, ila si Trifon. Mtakatifu Trifon ndiye mwenye mizabibu. Siku yake ikifika, mwezi wa Februari, baridi bado inang'ata masikio, wenye mashamba hukata matawi ya mizabibu, hulimwagia shina mvinyo, kisha na wao hujimwagia, kwa ndani. Na kila mwanaume mwenye jina hilo, siku hiyo haaliki mtu. Watu wanakuja tu. Hodi, karibu, glasi. Kumfungia mgeni mlango siku ya jina lako ni kumtukana mama yake, na kumpa chai ni kumtukana na bibi yake pia.

Mzee Trifon, mwenye nyumba wangu, alilibeba jina hilo maisha yake yote na alilitendea haki. Alikuwa dereva wa tramu mpaka akastaafu, na kazini hakuwahi kugusa tone. "Kazini nilikuwa mtawa," alipenda kusema. "Ndiyo maana nikitoka nilikuwa na kiu ya watu wawili."

Mkewe, Nevena, alikuwa akisema ulevi wenyewe alishauzoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye mbwa. Kilichomchosha ni viapo. Mzee alikuwa akifika mlangoni, kabla hajavua kiatu, kabla hata hajaulizwa atokako, anaanza: "Nevena, naapa kwa kaburi la mama yangu, sijaonja hata tone!" Harufu ilikuwa imeshakaa sebuleni inasubiri kiapo kiingie. Siku moja Nevena alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja nguo zake, akaenda kwa dada yake, mji wa Pernik. Hakugombana. Mimi nilikuwa ngazini naye ananipita na begi, akaniambia tu nimwagilie maua.

Mzee akaacha. Sijui aliachaje, watu wengine huacha kwa daktari, wengine kwa padri, yeye aliacha kwa ukimya wa jikoni. Vuli ilipokwisha akampigia mkewe simu. Simu ya Mzee ina sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi, kwa hiyo nilisikia bila kutaka, na nilikaa karibu ili nisikie vizuri zaidi.

"Kuacha miezi michache kila mtu anaweza," Nevena alisema. "Hata Kanyo, mnywaji mwenzio, anaacha wakati wa Kwaresima. Siku yako ikipita hujanywa, narudi. Ukinywa, usinipigie tena."

"Siku yangu? Nevena, chagua siku nyingine. Chagua Krismasi."

"Siku yako, Trifon."

Akakata. Mzee akaitazama simu kama dereva anavyoitazama taa nyekundu.

*

Watu hudhani kazi ya kuacha pombe ni kuacha pombe. Hapana. Kazi ni Jumamosi saa kumi jioni. Mji huu umejengwa kuizunguka glasi. Ukitaka kuonana na mtu, mwambie mkanywe kitu. Ukitaka kumwomba radhi, vivyo hivyo. Mtu akinunua gari ni kunywa, akiligonga ni kunywa zaidi. Mzee alipotoka nje akiwa mkavu kwa mara ya kwanza, aligundua kwamba mji mzima umejaa viti, na mbele ya kila kiti kuna chupa. Ikabidi atafute viti vya namna nyingine.

Alianza na tramu. Alipanda kama abiria, kutoka mwisho mmoja wa njia mpaka mwingine, anakaa nyuma ya dereva na kutoa maoni. "Anakata kona kama anakata kabichi!" Madereva vijana wakaanza kumkimbia.

Kisha akagundua mabomba ya maji ya madini, pale kando ya bafu la zamani, ambako maji hutoka ardhini yakiwa moto na watu hupanga foleni na madumu. Kwa miaka yote alikuwa amepita hapo akiwacheka wazee wanaosubiri maji yenye harufu ya yai. Sasa naye akasimama na dumu lake, mvuke unampanda usoni, na hapo akakutana na Bi Genoveva.

Bi Genoveva ni mjane, alikuwa mshonaji wa mavazi ya maigizo, na ulimi wake bado una sindano. Alimtazama Mzee anavyotetemeka mikono akijaza dumu.

"Wewe umeacha lini?" akauliza, bila salamu.

"Nimeacha nini?"

"Usinichoshe. Marehemu mume wangu alikuwa na mikono hiyohiyo. Unacheza sataranji?"

"Kidogo."

"Vizuri. Napenda kushinda."

Akampeleka kwenye bustani iliyo mbele ya ukumbi wa maigizo, ambako wazee hucheza sataranji hata theluji ikianguka, wanapangusa ubao kwa kofia. Bi Genoveva huiba kete. Anaiba waziwazi, anatazama angani, anasema, "Ndege yule ni wa aina gani?" na ukirudisha macho farasi wako hayupo. Mzee alijua, na akamwachia. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuibiwa na mtu aliye macho namna ile. Baani walikuwa wakimwibia akiwa amelala.

Mimi niliingia kwenye kundi hilo kwa sababu starehe zangu zote ni lazima ziwe za bure. Nilikuja kusomea ujenzi wa madaraja, na stashahada yangu imesimama katikati ya mto. Jumapili tulikuwa tunapanda basi mpaka pale mji unapokwisha na msitu kuanza, tunapanda mlima kwa miguu mpaka kwenye nyumba ya wapanda mlima, tunakunywa chai ya majani ya porini, tunakula supu ya maharage, tunashuka. Basi. Mara ya kwanza niliuliza, "Sasa hapa starehe ni ipi?" Bi Genoveva akasema, "Kwamba kesho utakumbuka."

Jambo moja nililitazama sana msimu ule: mikono ya Mzee. Mtu aliyeshika glasi tangu ujana hajui mikono huwekwa wapi. Kule bustanini alikuwa anachukua mfalme aliyeshindwa, kwa kawaida wa kwake mwenyewe, anamsugua kwa kidole gumba muda wote wa mazungumzo. Kule mlimani alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili hata kikiwa kimepoa. Nilikuwa nikimtania, lakini nikaanza kuona kwamba na mimi sijui kukaa na mtu bila kitu kati yetu. Kukaa tu, mkaangaliana, mkaishiwa maneno, mkabaki. Hilo halifundishwi popote, na kama lingefundishwa ningeliachia nusu.

*

Februari ikakaribia. Mzee akaja na mpango.

"Siku hiyo tutakuwa mlimani," alisema, tukiwa foleni ya maji. "Mlango umefungwa, mimi sipo. Nani atanidai glasi?"

"Na watakaokuta kufuli?" Bi Genoveva akauliza.

"Nitabandika karatasi."

Hapo lazima niseme kuhusu milango yetu. Kwenye mlango wa jengo, mjini kwetu, hubandikwa karatasi za marehemu: picha, jina, ukingo mweusi, na maneno ya familia. Kila anayepita husoma, hata kama hana haraka ya kufa. Mzee akabandika yake katikati ya hizo, kwa herufi kubwa: TRIFON. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Wageni wangu wapendwa, leo nipo mlimani, kwenye nyumba ya wapanda mlima iliyo juu ya msitu. Karibuni."

"Mzee," nikamwambia, "hilo neno la mwisho la nini?"

"Adabu. Siku ya jina lako huwezi kumwambia mtu asije."

"Watakuja."

"Februari? Na matumbo yale? Kanyo anasubiri lifti kwenda ghorofa ya kwanza!"

Kanyo ni rafiki yake tangu karakana ya tramu. Mzee aliendesha, Kanyo alitengeneza breki, na jioni wote wawili walishindwa kusimama. Ana kishamba cha mizabibu nje ya mji na mvinyo wake mwenyewe, mweusi, wa kupaka viatu. Asubuhi ya siku yenyewe alifika na dumu la mvinyo mgongoni, akaona jina la rafiki yake katikati ya marehemu, akavua kofia. Jirani wa chini anasema alilia kabisa. Kisha akasoma herufi ndogo, akavaa kofia, akapiga simu kwa kila mtu anayemjua.

"Amefufuka! Na anatualika mlimani!"

Sisi tulisahau jambo moja dogo. Kuna barabara upande wa pili wa mlima, na binamu yake Kanyo ana gari la kusambaza mikate.

*

Tulikuwa ndiyo kwanza tumepewa supu. Mlango ukafunguka, theluji ikaingia, nyuma yake akaingia Kanyo na wanaume wanane waliotoka ndani ya gari la mikate, unga kwenye mabega yao kama malaika wa bei nafuu.

"Ulidhani utatukimbia, eh?" Kanyo akapaza sauti. "Mtakatifu gani huyu anayejificha kwenye theluji kama sungura? Njoo hapa, ndugu yangu!"

Akamvisha Mzee taji la matawi ya mzabibu aliyoyasokota mwenyewe. Mfalme wa siku. Soseji zikatolewa, jibini, mikate ya binamu, na dumu. Kanyo akajaza glasi mpaka ukingoni, akaiweka mkononi mwa Mzee.

Mzee akainua kikombe cha chai kwa mkono mwingine. "Mimi nitagonga na hiki."

 Kwetu kugonga glasi kwa maji au chai ni kumtakia mwenzio mkosi, na Kanyo huamini hivyo kwa moyo wote.

"Nigongee chai, na mvua ya mawe ipige shamba langu," alisema polepole. "Hicho ndicho unachonitakia?"

"Kanyo, unajua."

"Najua nini? Miezi yote hii nimekuacha! Sijakuambia njoo, sijakuambia kunywa. Siku moja, Trifon. Glasi moja. Nani atamwambia Nevena? Huyu kijana?" Akanitazama. "Huyu hata shule hamalizi, atamaliza sentensi?"

Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka, ilikuwa nzuri. Mzee hakucheka. Ile glasi ilikuwa chini ya pua yake. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona matundu ya pua yanavyopanuka na kusinyaa. Alikuwa anainusa kama mtu anavyosoma barua ya mtu aliyempenda. Bi Genoveva, ambaye huwa hakosi neno, alikuwa anatazama supu yake.

Kisha Mzee akasimama, taji kichwani, glasi mkononi, akatoka nje. Tukamfuata wote, bila makoti, kama wajinga.

Kando ya ukuta kulikuwa na kichaka cha waridi mwitu, miiba na vitunda vyekundu vichache vilivyogandishwa na baridi. Mzee akalimwagia shina glasi nzima.

"Huo si mzabibu!" Kanyo akapiga kelele.

"Mfalme ni nani leo?"

"Wewe, lakini..."

"Mfalme anasema huu ni mzabibu. Jaza."

Kanyo akajaza. Mzee akamwaga. "Jaza." Akamwaga tena, na theluji ikawa ya zambarau chini ya kile kichaka, mvuke kidogo ukapanda. Wale wanaume wakaanza kushangilia, kwa sababu desturi ni desturi: mvinyo uliomwagwa shinani ni baraka, haijalishi shina lina miiba. Mmoja akasema mwakani waridi lile litalewa mpaka liimbe. Wakarudi ndani kunywa.

Kanyo alibaki. Nami nilibaki, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Umemwaga kazi yangu ya mwaka kwenye mwiba," alisema.

"Nimeimwaga kwa heshima."

"Heshima." Kanyo akapangusa pua. "Unajua nakunywa na nani siku hizi? Na televisheni. Nikiiinulia glasi na kuiambia nazdrave, kwa afya yako, inanisomea hali ya hewa. Wewe umeacha pombe, Trifon, sawa, afya. Lakini na mimi umeniacha kwenye hiyohiyo chupa."

Mzee alivua taji, akalizungusha mikononi kama usukani ambao tramu haina.

"Jumamosi nipo bustanini," alisema. "Sataranji."

"Sijui sataranji."

"Nami sijui. Kuna mwanamke anatuibia."

 Kanyo akaingia ndani, akanywa kwa ajili yake mwenyewe, na kwa ajili ya Mzee, na nadhani kwa ajili ya kile kichaka pia.

*

Shida ilikuja wakati wa kuondoka. Binamu mwenye gari alikuwa ameshika meza ili isianguke. Mzee akamwingizia mkono mfukoni, akachukua ufunguo.

"Nimebeba watu maisha yangu yote," alisema. "Leo gari hili halishuki."

"Basi endesha wewe!"

"Sina leseni ya kitu chenye usukani. Tunatembea."

Tukashuka kwa miguu, jua bado lipo lakini limechoka, njia imekuwa kioo cha barafu. Mzee mbele, kila mtu ameshika koti la mwenzake, Bi Genoveva nyuma akiwachoma kwa fimbo yake ya mlimani. Na Mzee akaanza kutangaza vituo, kwa sauti yake ya kazini, ile ya zamani.

"Kituo kinachofuata, mti ulioanguka! Shukeni kwa uangalifu! Wewe wa kofia, usiegemee mlango!"

"Mlango uko wapi?" yule wa kofia akauliza.

"Ndiyo maana usiuegemee!"

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Karibu na chini Kanyo akateleza. Mzee akamdaka, wakaanguka pamoja, Kanyo juu, na lile dumu, ambalo Kanyo alikataa katakata kuliacha, likapasuka katikati yao. Walipoinuka, koti la Mzee lilikuwa limelowa kuanzia kola hadi magoti. Alinuka kama pishi la mvinyo. Tulicheka mpaka msitu ulipokwisha na kituo cha basi kikaonekana.

Nevena alikuwa amesimama kituoni, begi miguuni.

Alikuwa amefika mchana, akasoma ile karatasi, na jirani wa chini akamwambia habari iliyobaki: wanaume, gari la mikate, dumu. Basi akaja kuona mwenyewe. Alichokiona ni mumewe akitoka msituni na taji la mizabibu begani, amemkumbatia Kanyo, nyuma yao safu ya walevi. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Nikaona pua yake ikipata habari.

Kicheko kikafa, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Nevena akaja mpaka kwa Mzee. Akamtazama usoni. Akatazama koti. Mzee akamtazama naye. Nilikuwa namngoja aseme. Nilitaka kumsukuma. Sema dumu lilipasuka, sema kichaka, sema chochote, mzee wangu, mashahidi tupo! Lakini alisimama tu, mikono chini, barafu kwenye nyusi.  

Basi likaingia kituoni, likafungua milango, na hakuna aliyepanda.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Kanyo. Akajitoa begani kwa rafiki yake, akayumba, akaweka mkono kifuani.

"Shemeji!" alisema, machozi yanamtoka. "Shemeji Nevena, naapa kwa kaburi la mama yangu, huyu mtu hajaonja hata tone!"

Nevena akageuka kumtazama Kanyo. Akarudisha macho kwa mumewe, ambaye bado alikuwa kimya. Akamtazama muda mrefu kuliko mwanzo, kisha nikaona kitu kwenye mdomo wake kinalegea, si tabasamu, ni kile kinachotangulia.

"Naona," alisema. "Leo anayeapa ni wewe."

Akainua begi lake, akapanda basi. Akakaa dirishani na kuliweka begi kwenye kiti cha pembeni. Sisi wengine tukapanda kimyakimya kama watoto wa shule waliovunja dirisha. Mzee alipanda wa mwisho, baada ya kuhakikisha kila mlevi ameketi. Akasimama kwenye ujia, analowesha sakafu, hajui pa kwenda.

Nevena akaliondoa begi kwenye kile kiti, akalipakata.

"Kaa," alisema. "Unanuka."

Mzee akakaa.

"Umekula?"

"Maharage. Yamepoa, sikumaliza."

Basi likaondoka. Dereva alikata kona vibaya sana, kama anakata kabichi, na Mzee hakusema neno.